Tuzo ya Chumba cha Juu

Nyama huoza, samaki huoza, hata boriti ya mti mgumu iliyobeba paa kwa vizazi vingi mwishowe huliwa na wadudu ikawa unga. Wahenga walivitazama vyote hivyo vikipita, wakaona kimebaki kimoja tu kisichohitaji chumvi wala moshi ili kidumu. Walisema wema hauozi. Hawakumaanisha kwamba wema hulipwa papo kwa papo. Wema waweza kufukiwa chini ya theluji ya miaka mingi, mtendaji akausahau na majirani wakaapa kwamba umekwisha potea. Honorine Chassaing wa Brioude, katika nchi ya Auvergne huko Ufaransa, aliufahamu ukweli huo akiwa amelala kitandani na nyonga iliyovunjika.

Nyumba ya akina Chassaing ilikuwa ya mawe meusi, nyembamba na ndefu kama kijana aliyekua upesi kuliko chakula chake. Mama yao alifariki dunia wakati Anselme, kitinda mimba, hajaacha kunyonya. Baba yao alikuwa mhunzi, mtu wa maneno machache na nyundo nyingi. Kaka yao mkubwa, Marcellin, alishaondoka kwenda kutafuta maisha Lyon. Hivyo Anselme alilelewa na dada yake. Alijifunza kutembea kwa kushika aproni ya Honorine, na alipojua kusema, hakuacha kuuliza.

"Honorine, kabla ya kanisa hili palikuwa na nini?"

"Kanisa jingine."

"Na kabla ya hilo?"

"Ng'ombe."

"Na kabla ya ng'ombe?"

"Kula viazi vyako."

Lakini mtoto yule hakushiba viazi peke yake. Honorine alipoajiriwa kuwa mpishi wa shule ya msingi, kila alichopata kilikwenda kwenye masomo ya mdogo wake. Anselme akafika Chuo Kikuu huko Clermont, akazama katika historia ya kale ya Ufaransa, enzi za wafalme wa kwanza waliosafiri kwa mikokoteni ya ng'ombe. Alitafiti njia ambazo watawa walipita wakivusha chumvi na divai milimani. Asubuhi alipakua makasha sokoni, jioni alipokea wageni katika hoteli, na tasnifu yake aliiandika mwili ukiwa umeshakufa kwa uchovu, katika chumba kisicho na jiko, glavu mikononi, vidole vimetolewa nje ili vishike kalamu. Kila Honorine alipomwambia apumzike, alijibu, "Nitaandika usiku, dada, usijali." Kifua kikamwanza kwa kikohozi kidogo. Siku za baridi zilipokwisha, Anselme naye alikuwa amekwisha.

Mazikoni, mwalimu wake, Profesa Fayolle, alisimama kando ya kaburi akiwa amevua kofia. Alisema maneno mengi mazuri, lakini Honorine aliondoka na sentensi moja tu: "Alibakiza kidogo sana kumaliza."

Sentensi ile ilimkaa kama mwiba uliovunjikia ndani. Alipomenya karoti aliisikia. Alipopanda ngazi kwenda kufuta vumbi vitabu vya marehemu katika chumba cha juu aliisikia pia. Kidogo sana. Kilichomkosesha mdogo wake hicho kidogo hakikuwa akili. Kilikuwa moto wa kuni na mtu wa kumpikia.

Basi siku moja alivaa koti lake la kanisani, akapanda treni mpaka Clermont, akabisha hodi ofisini kwa Profesa Fayolle.

"Nataka kuanzisha tuzo ya kumkumbuka Anselme," alisema kabla hajaketi. "Kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Wale wanaochimba historia ya zamani kama yeye."

Profesa alifurahi. Kisha akasikia tuzo yenyewe ni nini, akakuna kidevu.

"Bibi Chassaing, kwa desturi tuzo huwa ni medali. Au hundi, na karamu ndogo."

"Medali inapasha miguu moto?"

"Ah, hapana, lakini..."

"Basi mpeni medali mwenye miguu ya moto. Mimi nina chumba. Kina meza, kina jiko la kuni, kina vitabu vyote vya Anselme. Nyie someni hayo makaratasi yenu, mchague mmoja aliye bora. Mleteni kwangu Sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba ikianza, mje kumchukua Pasaka. Nitampikia, nitamfulia. Kazi yake iwe kuandika tu."

"Na wewe utapata nini?"

Honorine alimtazama kana kwamba ameulizwa mvua inapata nini.

Hivyo ndivyo ilivyoanza Tuzo ya Kumbukumbu ya Anselme Chassaing. Wakubwa wa idara waliicheka kidogo pembeni, wakaiita tuzo ya supu, lakini wanafunzi hawakuicheka. Mwanafunzi anayelala chumba cha kupanga chenye ukungu ukutani, anayeuza viatu Jumamosi na kufundisha watoto wa watu jioni, anajua thamani ya majira mazima ya kuandika bila kukatizwa. Barua za maombi zikaanza kumiminika kutoka pembe zote za Ufaransa.

Sheria za nyumba zilikuwa mbili. Ya kwanza, mshindi hakuruhusiwa kuosha hata kijiko. Ya pili, siku ya kufika alitakiwa kueleza utafiti wake mezani kwa maneno ambayo mpishi angeyaelewa. "Ukinizungumzia kama tangazo la stesheni," Honorine aliwaonya, "nakunyima jibini."

Ukawa ndio mwendo. Kila majani yalipopukutika, sauti ngeni ilisikika kwenye ngazi. Alikuja Corentin Le Goadec, Mbretoni wa pwani ya magharibi, mrefu kama mlingoti, aliyetafiti chumvi ya watawa, na ambaye kila asubuhi aliigonga boriti ya mlangoni kwa paji la uso kisha akaiomba radhi. Wakaja wengine, mmoja akiwa na paka aliyefichwa ndani ya begi, mwingine asiyejua kucheka mpaka Februari. Walianza kwa kumwita Bibi Chassaing, na kabla theluji haijayeyuka walikuwa wakimwita Shangazi. Pasaka ilipofika, waliondoka na tasnifu kwapani na shavu lenye unga wa mkate alikowabusu. Honorine alibaki dirishani akitazama barabara, nyumba ikiwa kimya kama tumbo lililozaa.

Miongoni mwa wote hao, aliyemkaa moyoni zaidi ni Ludivine Astruc, msichana mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini. Yeye alitafiti wajane wa kale waliowapa watawa mashamba yao ili majina yao yatajwe katika sala.

"Walikuwa wanamwogopa Mungu?" Honorine alimwuliza siku ya kwanza mezani.

"Hapana, nadhani hawakumwogopa sana. Walikuwa wanaogopa kusahauliwa."

Honorine alimkatia jibini kipande kikubwa kuliko alichowahi kumkatia mtu.

Lakini mwaka huo mkosi uliwatangulia. Katikati ya majira ya baridi mama yake Ludivine aliaga dunia. Binti alikwenda kuzika, akarudi, akapanda chumba cha juu, na tangu hapo kalamu yake ikakauka. Aliikabili karatasi kutwa kama mtu anayesubiri basi lililokwisha kupita. Honorine hakumwuliza neno. Alimpandishia chai, akachochea kuni, akashuka. Asubuhi moja ya Machi alipopanda alikuta kitanda kimetandikwa vizuri, ufunguo uko juu ya mto, na mwenyewe hayupo.

Profesa Fayolle alipopata habari alikuja mbio, uso umemwiva kwa hasira.

"Amelitia doa jina la Anselme! Kulikuwa na wenzake kibao waliostahili nafasi ile. Angalau angeaga!"

"Mtu anayezama haagi, Profesa."

"Amekula, amelala, ameondoka bila sura hata moja. Huoni kwamba amekudhulumu?"

"Nilimpa," alisema Honorine, huku akikata kabichi. "Sikumkopesha."

Kisha akafanya jambo ambalo majirani walilijadili kwa muda mrefu. Aliendelea kuwasha jiko la chumba cha juu kila asubuhi, chumba kitupu, mpaka Pasaka. Muuza mkate wa jirani alimwuliza kama amechanganyikiwa.

"Majira yake hayajaisha," alijibu. "Akirudi, akute moto."

Hakurudi. Pasaka ikapita, washindi wengine wakaja na kuondoka, na miaka ikajipanga mmoja nyuma ya mwingine. Honorine akazeeka pasipo kutangaza. Mgongo ulipinda, lakini sufuria bado aliinua mwenyewe. Mpaka vuli moja, akiwa anatoka bustanini amekumbatia kabichi, mguu uliteleza juu ya majani mabichi. Mleta barua ndiye aliyemkuta chini, kabichi bado iko mikononi.

"Usinipige picha tu," Honorine alimwambia, meno yakigongana kwa baridi.

Hospitalini walimfanyia upasuaji wa nyonga, wakampeleka wodi ya mazoezi ya viungo. Daktari alikuwa mpole lakini hakuuma maneno. Bibi hawezi kurudi kuishi peke yake. Nyumba ina ngazi, ina jiko la kuni, na usiku akianguka hakuna wa kumsikia. Bila mtu wa kukaa naye, atakwenda nyumba ya wazee.

Maxence, mtoto wa marehemu Marcellin, alikuja kutoka Lyon. Alikuwa mtu wa bima, mwenye suti safi na simu mbili, na si kwamba hakumpenda shangazi yake. Tatizo lake lilikuwa moja: aliamini kila kitu duniani kina tarehe ya kwisha.

"Nimepata nafasi, Shangazi. Chumba kizuri, kinaangalia bustani. Nyumba tutaifunga kwa sasa, halafu tutaona."

"Na tuzo?"

"Tuzo gani tena, Shangazi? Huwezi kusimama!"

"Yupo binti ameshachaguliwa. Anakuja Watakatifu Wote."

"Wamwambie imekwisha. Watu wataelewa." Akavuta kiti karibu, akateremsha sauti. "Hebu nikuulize, usinikasirikie. Miaka yote hii umewalisha, umewafulia, umewapa moto. Leo umelala hapa. Yuko wapi hata mmoja?"

"Sikuwapikia ili waje."

"Najua. Lakini yuko wapi?"

Honorine alifumba macho. Swali lile lilimwuma kuliko nyonga.

Aliyekuja kesho yake alikuwa binti mwenyewe aliyechaguliwa, Tiphaine Roudaire, nywele zake fupi zimesimama kama za kifaranga. Badala ya maua alileta fungu la vitunguu majani. "Nilifikiri maua hayaliki," alisema, akaona haya. Honorine alimpenda hapo hapo.

Tiphaine alikuwa amesikia yote. Alijikohoza, akasema maneno aliyoyapanga njiani.

"Bibi Chassaing, mimi naweza kukaa na wewe. Nitapika, nitakusaidia kuoga, nimemlea bibi yangu mwenyewe. Daktari anataka mtu mmoja tu. Mtu huyo niwe mimi."

"Na tasnifu?"

"Nitaandika usiku. Usijali."

Rangi ilimtoka Honorine usoni. Alijiinua kwa viwiko, akamkazia macho binti yule kiasi kwamba Tiphaine alirudi nyuma hatua moja.

"Unisikilize, mwanangu. Hayo maneno niliyasikia kwa mtu mwingine, na leo yuko chini ya jiwe. Sitakugeuza mtumishi kisha nikaita utumishi huo tuzo. Bora nyumba ifungwe. Nenda zako. Na ahsante kwa vitunguu."

Tiphaine alitoka machozi yakimlengalenga. Alasiri ile, Maxence alipoleta karatasi za nyumba ya wazee, Honorine alizitia sahihi bila kuzisoma, akageukia ukuta.

Siku zilizofuata alikuwa mtu wa dirishani. Aliliona kanisa kwa mbali na moshi wa nyumba za watu. Akakumbuka nyundo ya baba yake ikipiga, na Anselme mdogo akihesabu mapigo. Akakumbuka pia harufu ya makoti ya sufu yaliyolowa yakianikwa karibu na jiko, koti la kila mwaka na mwenyewe, na vicheko vya juu ya ngazi ambavyo hakuvielewa lakini vilimfanya naye acheke jikoni peke yake. Akaona kwamba maisha yake yote yalikuwa ni majira ya baridi, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kuona joto kama yeye. Sasa yamekwisha. Alijikaza asilie, kwa kuwa mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa mmbeya.

Asichokijua ni kwamba Tiphaine hakwenda zake. Alikwenda moja kwa moja kwa Profesa Fayolle, ambaye sasa alikuwa mstaafu mwenye masikio mazito, akamsimulia kwa sauti ya juu mpaka jirani wakafungua madirisha. Mzee alivaa miwani yake. Kisha akachukua simu, akampigia Corentin, aliyekuwa sasa mwalimu wa chuo kile kile. Corentin akampigia mwenzake, na huyo akampigia mwingine.

Siku moja kabla ya kuhamishwa, Maxence akiwa anafunga vitu vya shangazi yake ndani ya sanduku, mlango wa wodi uligongwa. Aliingia mwanamke wa makamo, mdogo wa umbo, amevaa viatu vya kazi na koti la buluu la wauguzi wanaozunguka majumbani. Alisimama miguuni pa kitanda.

Honorine alimtazama. Miaka iliyopita katikati yao ilitoweka kufumba na kufumbua.

"Umekonda, Ludivine," alisema.

Mwanamke yule alipiga magoti kando ya kitanda, akaficha uso kwenye blanketi. Maxence alisimama na soksi mkononi, hajui aziweke wapi.

"Nilirudi, Shangazi," alisema Ludivine hatimaye. "Ule ule mwezi wa Machi. Nilishuka stesheni nikatembea mpaka pembeni mwa duka la mkate. Nikaona moshi unatoka kwenye bomba la chumba cha juu. Nikajua ule moto ni wangu. Miguu ikakataa. Nikageuka, nikapanda treni ninalia kama mtoto."

"Kwa nini hukuingia, wewe? Supu ilikuwepo."

"Niliona aibu."

"Aibu haishibishi." Honorine aliweka mkono juu ya kichwa chake. "Ukaenda wapi?"

"Nikasomea uuguzi. Nilijiambia, kama siwezi kuandika juu ya wajane waliokufa, basi nitawahudumia wajane walio hai. Niko Issoire, si mbali. Kila mwaka nauliza kwa Corentin nani ameshinda. Sikuthubutu kuja. Safari hii aliponipigia, sikumwacha amalize."

Maxence alikohoa. "Samahani, Mama. Kwani wewe ni nani hasa?"

"Mimi ni yule aliyeshindwa," alisema Ludivine, akisimama na kupangusa uso. "Wote waliopewa kile chumba walimaliza, isipokuwa mimi. Na nimekuja kumchukua Shangazi nyumbani."

"Haiwezekani. Ameshatia sahihi. Daktari amesema..."

"Nimetoka kuongea na daktari. Anataka mtu wa kulala pale. Nitalala mimi, nimeomba nihamishiwe wagonjwa wa Brioude majira haya yote. Kitanda kitashushwa jikoni, asipande ngazi. Corentin ameshaanza kupasua kuni, na kama unamjua, omba asijipasue na mguu. Jumamosi na Jumapili wengine wanakuja kwa zamu kupika. Wanagombana hivi sasa nani aanze."

"Wangapi?" Maxence aliuliza.

"Wote waliopatikana kwa simu. Mmoja anatoka Lille na paka wake."

Maxence aliketi juu ya kitanda polepole, soksi bado mkononi. Alikuwa amezoea kupiga hesabu za hasara, na hii hakuwa na safu ya kuiweka.

Lakini Honorine ndiye aliyekuwa mgumu. Aligeuza uso.

"Mna kazi zenu. Mna watoto. Sitaki kuwa mzigo wa watu. Na sina cha kuwapa."

"Nani amekuomba?"

"Ludivine..."

"Siku niliyotoroka, Profesa alikasirika. Corentin alinihadithia ulichomjibu. Kiseme hapa, mbele ya mpwa wako."

Honorine alikunja pindo la blanketi. Nje, kengele ya kanisa ililia saa ya mchana. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameinuka kabisa ili asikose neno.

"Nilimpa," Honorine alinong'ona. "Sikumkopesha."

"Basi na sisi tunakupa. Hatukulipi deni. Kutoa ulijua maisha yako yote, Shangazi. Sasa jifunze kupokea, maana hilo nalo ni somo, na wewe umechelewa darasani."

Kikongwe yule, ambaye hakulia siku aliyoanguka wala siku aliyotia sahihi, alilia. Alilia kwa sauti, bila haya, na mgonjwa wa kitanda cha pili akalia naye kwa kumsindikiza. Maxence alichukua zile karatasi za nyumba ya wazee, akazikunja, akazitia mfukoni mwa koti. Kisha akaenda kuwatafuta wahudumu wa gari la wagonjwa, awaambie safari ni ya nyumbani.

Watakatifu Wote ilipofika, nyumba ya mawe meusi ilijaa kuliko ilivyowahi kujaa. Madirisha yaliota jasho kwa mvuke wa supu. Mtu aliikoleza chumvi, mtu mwingine akamlaumu, wa tatu akaongeza viazi, na Honorine alipojaribu kuinuka aone sufuria, sauti nyingi zilimwambia kwa pamoja, "Kaa!" Akakaa. Profesa Fayolle aliletwa, akawekwa karibu naye, akasikia nusu ya maneno na kucheka yote. Tiphaine aliketi upande wa pili wa meza akatulia mpaka watu wote wakanyamaza, kisha akaeleza utafiti wake kwa maneno mepesi: jinsi wanawake wa zamani walivyofundishana kusoma majumbani mwao, mmoja akimfundisha mwingine, enzi ambazo watu hudhani hakuna mwanamke aliyejua herufi.

"Na wa kwanza alifundishwa na nani?" Honorine aliuliza.

"Hilo sijalipata bado."

"Tafuta. Una mpaka Pasaka."

Tiphaine akapanda chumba cha juu, na majira yale hakuosha hata kijiko. Pasaka alishuka na tasnifu iliyokamilika.

Honorine aliyaona majira mengine kadhaa ya baridi, kitanda chake kikiwa jikoni, akiamuru sufuria kutoka kwenye mito. Ludivine alikuwa naye mpaka mwisho. Hakurudia tasnifu yake, wala hakuna aliyemshurutisha. Jioni alikuwa akimsimulia Shangazi habari za wale wajane wa kale, mmoja mmoja kwa jina, na wawili hao wakawa ndio watu pekee mjini waliowajua. Honorine alizikwa kando ya Anselme, siku ya theluji laini iliyowahi kabla ya Watakatifu Wote, na waliosimama kaburini walitoka mbali kuliko mikoa ambayo marehemu aliwahi kuitembelea.

Baada ya mazishi watu walimwangalia Maxence. Nyumba sasa ilikuwa yake. Profesa Fayolle, akiegemea fimbo, alimwuliza wazi ana nia gani nayo. Maxence alivua kofia, akaitazama ile nyumba nyembamba, akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa kesi aliyofurahi kuishindwa.

"Nyumba gani, Profesa? Shangazi ameniachia ukoo. Mwambie binti aliyeshinda mwaka huu aje. Kuni zipo."

Alikuja, na baada yake wakaja wengine. Hata leo majani yanapopukutika huko Brioude, kuna sauti ngeni kwenye ngazi, na kuna kijana asiye na kazi nyingine duniani ila kuandika. Wengi wao hawakumwona Honorine kwa macho. Wanakula kwenye meza yake, wanaota moto wake, nao wakiondoka wanakwenda kuwasha moto kwa wengine. Mhunzi aliyeijenga nyumba ile amesahaulika, wafalme wa mikokoteni ya ng'ombe wamebaki majina, lakini alichokitenda mpishi wa shule bado ni kibichi. Kweli, wema hauozi.